Lugha ya Kuamuru na Lugha ya Kujibu: Kiswahili na Mahusiano ya Kazini Mjini Kisangani tangu 1883

1. Utangulizi

Maandishi mengi juu ya Kiswahili cha Kongo yameshughulikia mambo mawili: njia ambazo lugha hii ilipita ikienea kutoka Tanganyika hadi Maporomoko ya Boyoma, na tofauti zilizopo kati yake na Kiswahili sanifu. Mambo hayo yanastahili kuchunguzwa, na bila shaka yataendelea kuchunguzwa. Hata hivyo kuna swali la tatu ambalo limeguswa kwa nadra. Watu wa asili mbalimbali waliokusanywa mahali pamoja kwa ajili ya kazi walielewana vipi? Na pale waliposhindwa kuelewana, kasoro ilikuwa wapi?

Kisangani ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hiyo, kwa sababu mji huu ulianza kama mahali pa kazi. Meli zitokazo Kinshasa hukomea hapa baada ya safari ya kilomita 1,700 na zaidi. Juu ya hapo maporomoko huuziba mto. Mizigo ililazimika kushushwa, kubebwa na kupakiwa upya, na kila ushushaji wa mizigo ulidai watu, nao watu hao walikuja kila mmoja na lugha yake. Hata jina la mji, lililochukua nafasi ya Stanleyville mwaka 1966, huelezwa kwa kawaida kuwa limetokana na neno la kisiwa, kisanga, likaongezewa kiambishi -ni cha mahali cha Kiswahili.

Makala hii inatetea hoja moja. Hudhaniwa kwamba watu wakishapata lugha ya pamoja, kutoelewana kwao kumekwisha. Historia ya Kisangani inaonyesha kwamba lugha ya pamoja haitoshi. Lugha ile ile yaweza kutumika kama lugha ya kuamuru, ambamo mmoja husema na mwingine hutenda. Au kama lugha ya kujibu, ambamo aliye chini ana nafasi ya kuuliza, kusahihisha, na hata kukataa pasipo kuadhibiwa. Sarufi yenyewe inatupa kidokezo. Kitenzi kuelewana kimebeba kiambishi -an- cha kutendana. Mtu aweza kuamuru peke yake; hakuna awezaye kuelewana peke yake.

Tutaitazama hoja hiyo katika vipindi vinne: kituo cha kwanza cha Maporomoko, msiba wa Yambuya na Banalia, enzi ya reli na meli, na miaka ya mwisho ya ukoloni. Kisha tutasema machache juu ya miaka iliyofuata uhuru.

2. Kituo cha Maporomoko na lugha ya waungwana

Henry Morton Stanley alifika kwenye Maporomoko mwezi Desemba 1883 akaanzisha kituo kisiwani. Alipoondoka alimwacha Mskoti mmoja, fundi wa mitambo aitwaye Andrew Binnie, pamoja na kikosi kidogo cha askari na wafanyakazi. Ni vema kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya watu wa kwanza waliojenga vituo vya Stanley tangu 1879 walikuwa wameandikwa kazi Zanzibar. Kwa hiyo Kiswahili kilifika hapa kwa milango miwili kwa wakati mmoja. Kwa upande wa mashariki kililetwa na watu wa wafanyabiashara waliotoka Nyangwe na Kasongo. Kwa upande wa magharibi, jambo ambalo husahauliwa, kilipandishwa mto na wafanyakazi wa Wazungu wenyewe.

Basi askari wa kituo na mtu wa mfanyabiashara waliweza kuzungumza bila mkalimani. Je, jambo hilo lilileta maelewano? Mwezi Agosti 1886 kituo kilishambuliwa, na mkuu wake wa wakati huo, Mwingereza Walter Deane, akakimbilia porini. Chanzo cha ugomvi kilikuwa mjakazi aliyemtoroka bwana wake akaomba hifadhi kituoni. Deane alikataa kumrudisha. Hapa hapakukosekana msamiati. Pande zote mbili zilielewa vizuri neno lililotumika. Walichotofautiana ni kile neno lenyewe lilichoruhusu: kwa mmoja, yule mwanamke alikuwa mali iliyopotea, kwa mwingine, alikuwa mtu aliyeomba hifadhi. Mkalimani aliye hodari namna gani asingeweza kulitatua jambo hilo kwa tafsiri.

Jina walilolipa watu wa eneo hili Kiswahili chao linaeleza mengi. Kingwana ni lugha ya waungwana, yaani watu huru. Katika misafara ya bara jina la mwungwana lilipanuka likawahusu hata wapagazi na watumwa waliovaa nguo za pwani, waliosema lugha ya pwani na kuishi kwa desturi za pwani. Kinyume chake alikuwa mshenzi, yule wa porini asiyejua hayo. Maneno hayo mawili yalikuwa pia vyeo vya kazi. Mwungwana alibeba bunduki na kupokea posho. Mshenzi alibebeshwa mzigo. Ndiyo maana neno la pili halikubaki katika Kiswahili tu. Liliingia katika Kilingala pia, na wakoloni wakalichukua na kulitumia, basenji, kwa karibu kila Mwafrika ambaye hawakumwona kuwa amestaarabika. Lugha ya kazi ilipopokewa, ilipokewa pamoja na kipimo chake cha utu.

3. Yambuya na Banalia, 1887–1888

Mfano ulio wazi zaidi wa kazi iliyovunjika kwa sababu ya kutoelewana ulitokea kaskazini ya Kisangani, kandokando ya mto Aruwimi, miaka michache tu baada ya kituo kuanzishwa.

Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alifanya mapatano mawili na Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kwa mapatano ya kwanza Tippu Tip alikubali kuwa mkuu wa wilaya ya Maporomoko kwa niaba ya mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Kwa mapatano ya pili aliahidi kutoa wapagazi 600 watakaobeba mizigo ya msafara uliokwenda kumwokoa Emin Pasha. Stanley aliondoka Yambuya tarehe 28 Juni 1887 pamoja na sehemu ya mbele ya msafara, akamwacha Meja Edmund Barttelot na kikosi cha nyuma kuwasubiri wapagazi hao.

Walisubiri karibu mwaka mzima. Tippu Tip alidai kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa ipasavyo. Stanley alidai kwamba mwenzake alivunja ahadi, na baadaye akamshtaki Zanzibar, ingawa shauri hilo halikufika mwisho. Katika tawasifu yake, aliyoiandika kwa Kiswahili, Tippu Tip aliiacha hoja yake mwenyewe. Si kazi yetu hapa kuamua nani alikuwa na haki. Kinachotuhusu ni kwamba karatasi moja ilisomwa kwa namna mbili na watu waliozoea mapatano ya namna mbili. Kwa Stanley, mkataba ulikuwa umekwisha ulipotiwa sahihi. Kwa mfanyabiashara wa bara, mapatano yalikuwa mwanzo wa mazungumzo yatakayoendelea kadiri hali inavyobadilika, na aliyekaa mbali asiyezungumza alikuwa ameyaacha. Wapagazi wapatao 400 walipofika hatimaye chini ya Muni Somai, walikataa mizigo ya ratili 60, takriban kilo 27. Ikabidi mizigo ifunguliwe na kufungwa upya kwa ratili 40. Mpagazi alikuwa amejibu. Jibu lake lilikuwa la haki, ila lilichelewa kusikika.

Tutazame sasa mambo ndani ya kambi. Humo mlikuwa na Wazanzibari wenye Kiswahili, Wasudani wenye Kiarabu, Wasomali, na maofisa wa Kiingereza. Barttelot hakujua Kiswahili. Mkalimani wake, Assad Farran, alikuwa Mshami aliyetumia Kiarabu na Kiingereza, lugha ambazo hazikuwafikia wengi wa wafanyakazi wa kambi. Herbert Ward, ambaye alikuwa ameishi Kongo kabla ya hapo na kuzizoea lugha za huku, alitumwa mwanzoni mwa 1888 kuteremka mto hadi pwani kupeleka simu ya maandishi. Mmoja wa wachache waliojua kusikiliza akaondolewa mahali palipohitaji masikio.

Kabla ya hapo kulikuwa na kosa lingine. Wenyeji wa Yambuya walikuwa wamefukuzwa kijijini mwao siku ile ile msafara ulipofika. Filimbi za mvuke za meli zilipigwa kwa pamoja ili kuwatia hofu, nao wakakimbia. Msafara ukapata nyumba na mashamba ya mihogo, lakini ukapoteza walimu. Mihogo ya eneo hilo ni michungu na ina sumu; sharti iloweke na kukaushwa ipasavyo kabla ya kuliwa. Kila mwanamke wa Aruwimi alijua hivyo. Watu wa kambi, wakiwa na njaa na haraka, waliila bila kuitengeneza vizuri. Stanley aliporudi mwezi Agosti 1888 akakuta makaburi mengi, aliitaja mihogo hiyo kuwa moja ya sababu za vifo. Watu walikufa wakiwa wamezungukwa na chakula, kwa kukosa maelezo ambayo yangetolewa katika mazungumzo ya muda mfupi, lau wenye maelezo wasingefukuzwa.

Mwisho wa Barttelot mwenyewe ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Kikosi kiliondoka Yambuya tarehe 11 Juni 1888 kikafika Banalia. Alfajiri ya tarehe 19 Julai mwanamke mmoja wa msafara wa Wamanyema alianza kupiga ngoma na kuimba, kama ilivyokuwa desturi. Meja aliyekuwa amelala alituma amri anyamaze. Kelele zilipoendelea alitoka mwenyewe na bastola mkononi, akaenda hadi pale mwanamke alipokuwa. Mumewe, aitwaye Sanga, alimpiga risasi kutoka ndani ya nyumba. Sanga alihukumiwa na kuuawa baadaye kwenye Maporomoko.

Waandishi wa Ulaya walibishana kwa miaka mingi kama Barttelot alikuwa mkatili au mgonjwa wa akili. Kwetu sisi tunaochunguza lugha, tukio hilo lina maana nyingine. Kwa Meja ngoma ya alfajiri ilikuwa kelele na uasi. Kwa mwenye ngoma ilikuwa salamu ya siku mpya, jambo ambalo mkubwa wa kambi hana mamlaka juu yake. Mtu yeyote mwenye Kiswahili cha kutosha angeweza kwenda kwa mkubwa wa Wamanyema na kusema, “Bwana mkubwa hana usingizi, tunaomba mtusaidie.” Ombi kama hilo lingeufikisha ujumbe ule ule, na lingemwachia mpokeaji heshima ya kukubali. Lakini katika kambi ile palikuwa na amri tu, na amri iliyopuuzwa haina hatua nyingine ila bastola.

4. Reli na mto

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wafanyabiashara wa pwani katika utawala wa Maporomoko. Wengi wangetarajia kwamba lugha yao ingeondoka pamoja nao. Haikuondoka, kwa sababu ilikuwa tayari ni lugha ya waungwana wa hapa hapa, wazaliwa wa Kongo waliokaa katika vijiji vya kandokando ya mji. Nayo serikali mpya ilihitaji watu waliojua kupanga kazi.

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, na mwaka 1906 njia ya kilomita zipatazo 125 kutoka ukingo wa kushoto wa Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, ilifunguliwa ili kuyakwepa maporomoko. Tangu hapo mji ulikaa mahali ambapo njia mbili za kazi zilikutana. Meli zilizopanda kutoka Léopoldville zilikuwa na mabaharia wa Kilingala, lugha ambayo pia ilikuwa ya jeshi, Force Publique. Treni zilizoteremka kutoka kusini zilitoka katika nchi ya Kiswahili. Lubunga kwa upande mmoja na bandari kwa upande wa pili zikawa kama kurasa mbili za daftari moja. Mchukuzi aliyetaka riziki ilimbidi azisome zote mbili.

Wamisionari nao walikuwa na uchaguzi wao. Wabaptisti wa Yakusu, waliofika katika miaka ya 1890, walishika Kilokele kwa kuwa ndiyo lugha ya watu wa mtoni waliowazunguka. Mapadri wa Moyo Mtakatifu chini ya Gabriel Grison walianzisha misheni ya Saint-Gabriel mwaka 1897. Mwaka 1928 John Whitehead na mkewe walichapisha huko Wayika, juu zaidi ya mto Lualaba, kitabu chao Manuel de Kingwana, mojawapo ya maelezo makubwa ya mwanzo ya Kiswahili cha upande huu.

Vitabu vya kufundishia vya enzi ya ukoloni vinastahili kusomwa upya kwa jicho la swali letu. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha, hasa kwa mifano ya Katanga, jinsi vingi vya vitabu hivyo vilivyomtayarisha Mzungu kusema na si kusikia. Mwanafunzi alipewa leta, ondoa, ngoja, upesi. Hakufundishwa namna ya kutambua kwamba ndiyo bwana ya mfanyakazi yaweza kuwa na maana tatu: nimekubali, nimesikia ila sikukubali, au sikusikia lakini naogopa kuuliza. Lugha iliyopunguzwa hivyo ilisemekana kuwa ni Kiswahili “rahisi”. Kwa kweli kilichopunguzwa hakikuwa viambishi vya ngeli peke yake. Adabu ilipunguzwa pia: kutangulia salamu, kuuliza habari, kumwita mtu baba au mama kabla ya kumtuma.

Katikati ya mwenye amri na mwenye kazi alisimama kapita. Neno lenyewe, lenye asili ya Kireno, limeenea karibu Kongo nzima. Kapita alisikia Kifaransa au Kiswahili cha amri akakigeuza kuwa maneno ambayo watu wangeweza kuyapokea. Uhodari wake ulipimwa na wakubwa kwa upande mmoja tu, yaani jinsi amri zilivyoteremka. Kupandisha majibu, kwamba kamba imechakaa, kwamba posho imepungua, kwamba mtu fulani ni mgonjwa, kulikuwa ni hatari yake binafsi. Hivyo cheo ambacho kingekuwa daraja kikawa mara nyingi ngazi ya kushukia tu.

Inapendeza kulinganisha hali hiyo na mawasiliano ambayo wafanyakazi wenyewe walikuwa nayo. Walokele waliokuja mjini kuuza samaki na kufanya kazi waliendelea kupeana habari kwa ngoma ya mgogo. John Carrington, mmisionari wa Yakusu na Yalemba ambaye baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha mji huu, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ngoma ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi mafupi ya Kilokele yana toni zilizo sawa. Mwezi na kuku, kwa mfano, hulia vilevile. Kwa hiyo mpiga ngoma hapigi neno moja. Hulizungushia maelezo mpaka msikilizaji aliye mbali asiweze kukosea, kisha hurudia. Mpiga ngoma hadhani kwamba kwa kuwa amepiga, basi amesikika. Huo ni ufundi wa mawasiliano ambao ofisi za mji, pamoja na taipureta zake zote, hazikuwa nao.

5. Posta ya Stanleyville na neno “tu”

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulikua kwa haraka. Mnamo 1952 na 1953 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya Afrika iliyokuwa London walikuja kuuchunguza, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa na UNESCO mwaka 1956. Nelly Xydias alishughulikia hali za kazi, uwezo na mafunzo ya wafanyakazi. Valdo Pons, aliyekaa kwa muda katika barabara moja ya mtaa wa Waafrika, alichapisha kitabu chake mwaka 1969. Pons alitambua jinsi watu wa mji walivyopimana kwa maneno mawili: kizungu, yaani mwenendo wa kisasa, na kisendji, yaani mwenendo wa kishamba. Msomaji ataona mara moja kwamba la pili ni ule ushenzi wa misafara ya karne iliyopita. Mizani ilikuwa ile ile. Bidhaa iliyopimwa ndiyo iliyobadilika. Nafasi ya mwungwana ilikuwa imechukuliwa na karani.

Katika ofisi za mji huo alifanya kazi kijana mmoja aliyezaliwa Onalua, Sankuru, mwaka 1925. Patrice Lumumba alifika Stanleyville mwaka 1944 akaingia katika kazi ya posta, akaendelea hapa hadi 1956. Alijua Kitetela, Kiswahili, Kilingala na Kifaransa. Alikuwa kiongozi katika vyama vya makarani na wasomi wa Kiafrika, akaandika sana katika magazeti. Tukitaka kujua karani wa Kiafrika alihisi nini alipozungumza na mkubwa wake, hatuna shahidi aliye bora zaidi.

Hapa tatizo lilikuwa limegeuka. Karani alijua lugha ya mkubwa, mara nyingi kwa ufasaha. Lugha ya pamoja ilikuwapo, tena ile ya mkubwa mwenyewe. Lakini Kifaransa kina viwakilishi viwili vya nafsi ya pili: tu kwa mtoto, ndugu na rafiki, na vous kwa mtu wa kuheshimiwa. Karani mwenye umri wa miaka thelathini, mwenye mke na watoto, aliitwa tu na kijana wa Kizungu aliyewasili juzi. Naye sharti ajibu kwa vous. Kwa mkubwa huenda halikuwa jambo la kufikiriwa. Kwa karani lilirudiwa mara kadhaa kila siku, kwa miaka. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba akiwa waziri mkuu aliorodhesha machungu ya ukoloni. Na kati ya viboko, kazi za shuruti na ardhi iliyonyang'anywa, alikitaja pia kiwakilishi hicho. Wageni wengi walishangaa kwamba jambo dogo la sarufi limewekwa pamoja na mambo makubwa. Mtu aliyewahi kukaa nyuma ya dirisha la posta asingeshangaa.

Kiswahili hakina jozi kama hiyo. Wewe ni wewe kwa mtoto na kwa chifu. Heshima yake huwekwa mahali pengine: katika salamu, katika majina ya ukoo yanayopewa hata asiye ndugu, baba, mama, yaya, mzee, na katika kuomba badala ya kuamuru. Mzungu aliyejifunza Kingwana cha amri alizitupa njia hizo zote, kisha akarudi kwenye Kifaransa akachukua kiwakilishi cha chini. Kwa hiyo alimvunjia mfanyakazi heshima katika lugha mbili, na huenda hakujua hata moja ya mara hizo.

6. Baada ya uhuru

Miaka iliyofuata ilibadilisha wakubwa bila kuondoa swali. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba, kwa jina la Kiswahili, waliuteka mji na kuushika kuanzia Agosti hadi Novemba, wakipigana na jeshi la Kilingala. Chini ya Mobutu Kilingala kilizidi kuwa lugha ya askari na ya amri. Tarehe 15 Machi 1997 majeshi ya AFDL yaliingia Kisangani yakisema Kiswahili, na kwa mara nyingine lugha iliyokuwa ya soko ikawa ya bunduki. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huu, na raia wengi wakafa. Mwenyeji wa Kisangani amejifunza kwa uchungu kwamba hakuna lugha ambayo kwa asili yake ni ya amani. Kiswahili na Kilingala, kila kimoja kwa zamu yake, kimekuwa lugha ya kumwomba jirani chumvi na lugha ya kumwambia mtu alale kifudifudi.

Kwa upande wa shule na sheria, wanaisimu wa Zaire waliokutana Lubumbashi mwaka 1974 walitetea nafasi ya lugha za taifa, na katiba ya 2006 imezitaja nne, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, pamoja na Kifaransa kama lugha rasmi. Kutajwa huko ni kwa maana kubwa. Lakini katiba inaweza kuipa lugha cheo. Haiwezi kumpa mfagiaji wa ofisi nafasi ya kujibu.

7. Hitimisho

Tumeona hali nne. Mwaka 1886 pande zote zilikuwa na lugha moja, zikapigana. Mwaka 1888 lugha ilikosekana kambini, na pamoja nayo kikakosekana kitu kilicho kikubwa zaidi, yaani desturi ya kuomba na kusikiliza. Katika enzi ya reli lugha ilipatikana ikiwa imekatwa nusu ile ya kujibu. Katika ofisi za posta lugha ilikuwa kamili, lakini ikatumika kumkumbusha mtu kila siku kwamba hayuko sawa na mwenzake. Katika kila hali kasoro haikuwa katika idadi ya maneno yaliyojulikana. Ilikuwa katika mwendo wa maneno hayo, ambao ulikuwa wa upande mmoja.

Jambo hili linatuhusu sisi wa chuo kikuu kuliko tunavyopenda kukiri. Katika ofisi nyingi za mji wetu tangazo la Kifaransa hubandikwa ukutani, na mlinzi au mfagiaji ambaye tangazo linamhusu humwuliza mwenzake, kwa Kiswahili au Kilingala, limesema nini. Anayemjibu ndiye kapita wa siku hizi. Hatumlipi kwa kazi hiyo, wala hatujui amesema nini, wala hatuna njia ya kusikia kile ambacho msikilizaji wake angependa kutuambia. Tukifundisha istilahi za ofisi kwa Kiswahili bila kufundisha namna mdogo anavyomjibu mkubwa ofisini, tutakuwa tumeandika Manuel nyingine ya amri.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba wanafunzi wa isimu wapelekwe bandarini, katika vituo vya afya, katika soko kuu na katika karakana za Lubunga, wakasikilize jinsi kazi inavyosemwa: nani anaanza, kwa salamu ipi, nani anauliza, na aliyekataa alikataa kwa maneno gani. Yapo mengi ambayo kamusi zetu hazijayaandika. Wazee waliofanya kazi relini na katika meli wanapungua mwaka hata mwaka, na pamoja nao unapungua ujuzi wa kuishi kati ya lugha mbili bila kumdhalilisha mtu katika mojawapo. Ujuzi huo haukuandikwa na CFL wala na posta. Tusipouandika sisi, hautaandikwa.